Waliuchomelea Usukani

Mwaka ule, katika Durban nzima, mtu aliyejua kuwasha trekta lile alikuwa mmoja tu, naye alikuwa ameshika mpira wa maji. Mtu huyo ni mimi. Nalisema hilo bila aibu, maana aibu haikuwa yangu.

Shule niliishia darasa la nne. Kuandika huku nimejifundisha ukubwani, kama nilivyojifundisha kila kitu kilichonipa mkate, na anayeona makosa ya herufi hapa aje karakana kwangu Sydenham nimwonyeshe makosa ya injini yake. Nina karakana. Nina wafanyakazi watatu, na mmoja wao ana diploma ya chuo. Huyo mwenye diploma ndiye anayeniita patron, yaani bosi. Lakini miaka ile, mwishoni mwa tisini, nilikuwa mtu wa Kivu aliyekimbia vita na suruali mbili. Mimi na mke wangu tulipanga nusu ya chumba Albert Park, pazia katikati, familia nyingine upande wa pili. Kila asubuhi nilipanda taxi mpaka Pinetown, kwenye yadi iliyouza mashine za kiwanda kimoja cha Ujerumani: matrekta ya shamba, vijiko vikubwa vya kuchota mchanga, roli za kushindilia barabara. Kazi yangu ilikuwa kuziosha.

Sikuomba kuosha. Niliomba kazi ya fundi. Meneja, mzungu mrefu mwenye kalamu tatu mfukoni, aliniuliza cheti. Nikamweleza, mlinzi wa lango akitafsiri, kwamba nimetengeneza mashine za mashamba miaka ishirini na mbili, na kwamba ofisi ambayo ingeniandikia hayo ilichomwa moto pamoja na rejista zake. Akasema pole sana, kisha akanipa mpira wa maji. Nikaupokea. Mtu mwenye njaa hachagui chombo.

Sasa nisikilizeni vizuri. Hakuna aliyeijua historia ya kiwanda kile kama mimi niliyekiosha. Mashine za zamani zilizoletwa kutengenezwa zilikuwa na jina la kiwanda limetoka humo humo kwenye chuma, herufi nene, zimemiminwa pamoja na mwili wa mashine. Hata ukizika mashine ile miaka hamsini, ukiifukua utasoma. Zilizofuata zilikuwa na kibati cha shaba kilichopigwa misumari minne. Zilizofuata hapo, kibati cha alumini, misumari miwili. Na zile mpya, zilizopangwa mbele kwa ajili ya wateja, zilikuwa na karatasi ya kubandika, nayo niliibandua mara nyingi kwa nguvu ya maji bila kutaka. Nilimwambia mlinzi wa lango: kiwanda hiki kimeuzwa, tena si mara moja. Mwenye mali hawezi kubandika jina lake kwa gundi.

Huyo mlinzi alikuwa Mrundi, kwao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na Kiingereza chake kilikuwa cha vitabu. Alinicheka. "Enjenia wa mpira," akaniambia, "wewe unasoma mashine kama mganga anavyosoma matumbo ya kuku." Lakini baada ya wiki alinijia na gazeti la kiwanda alilolikuta ofisini. Akanisomea. Walianza kama wahunzi wa majembe ya ng'ombe, wakaja kwenye matrekta, baada ya vita kuu wakaingia kwenye mashine za ujenzi, kisha wakauzwa, wakauzwa tena, na matrekta yale ya kwanza wakaacha kabisa kuyatengeneza. Nikamuuliza, je, mganga amekosea? Tangu siku ile alipunguza dharau kidogo, si sana.

Basi ikatangazwa sherehe. Kiwanda kilikuwa kinatimiza idadi nzuri ya miaka, na mgeni angekuja kutoka Ujerumani kwenyewe. Yadi ikapakwa rangi. Wakaleta mbao kubwa za maonyesho, tano, zenye picha na maandishi ya historia yote, wakazisimamisha uwanjani. Na ili mgeni afurahi, meneja akaazima trekta la zamani kabisa la kiwanda kile kutoka kwa mkulima mmoja wa miwa, mzee wa Kihindi wa upande wa kaskazini, ambaye baba yake alilinunua jipya. Lilikuja juu ya lori. Waliposhusha turubai nilikuwa naosha kijiko, na maji yakaendelea kumwagika mahali pamoja kama mpumbavu, maana lilikuwa ni lile. Aina ile ile. Trekta lililonilea.

Kwetu, bonde la Ruzizi, Wabelgiji waliliacha moja kwenye shamba la miwa, na baba yangu mdogo ndiye alikuwa fundi wake. Alikuwa mkali, mwenye matusi mengi, na alinifundisha kwa matusi hayo. Trekta lile halina betri. Halina stata. Halina plagi. Injini yake ina pistoni moja tu, kubwa kama ndoo, na mbele kuna kichwa cha chuma. Unachukua taa ya kuchomea, ile inayopigwa pampu kama jiko la mafuta ya taa, unakichoma kichwa mpaka kiwe chekundu. Halafu, na hapa ndipo watu husema nawadanganya, unauchomoa usukani pamoja na mti wake, unauchomeka ubavuni, katikati ya gurudumu zito la injini, unalitikisa gurudumu huku na huku mpaka injini ishike. Ikishika unachomoa haraka usije ukavunjwa mkono. Usukani unaurudisha mahali pake, unaondoka. Usukani ndio ufunguo. Na lilikunywa chochote. Mazuti, yaani dizeli, yalipokosekana baada ya Wabelgiji kuondoka, tulilinywesha mawese, mafuta yale yale ya kupikia sombe, majani ya muhogo, likalima msimu mzima, na shamba lote likanuka jiko la mama. Hilo halimo kwenye gazeti lao la historia. Nilimuuliza Mrundi, akatafuta ukurasa kwa ukurasa. Halimo.

Fundi mkuu wa karakana alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mzungu wa huko huko Pinetown, vyeti vyake vimetundikwa ukutani ndani ya vioo. Alilizunguka trekta siku mbili. Alitafuta mahali pa betri. Alitafuta stata, akaagiza vitabu kwa simu, vitabu havikuwepo. Akalivuta kwa kijiko kuzunguka yadi, magurudumu yakaburuzika, injini ikanyamaza. Mimi naosha, natazama. Siku ya pili jioni akagundua kwamba usukani unalegea, akiuvuta unatoka mkononi. Akaona amepata ugonjwa mmoja wa kutibu.

Akauchomelea.

Nilikuwa nimekwenda kula. Niliporudi nikakuta moshi na harufu ya chuma, na usukani umeshikamana na mti wake na mti umeshikamana na nguzo, kitu kimoja, imara kama jiwe la kaburi. Fundi mkuu anapangusa miwani, ameridhika. Ni kama umuone mtu anaziba mlango wa nyumba kwa zege halafu anauliza ufunguo unaingia wapi. Nikaacha mpira chini, nikaenda moja kwa moja ofisini na viatu vyangu vya maji, Mrundi nyuma yangu akitafsiri na kuniomba niseme polepole.

Nilimwambia meneja kwamba fundi wake ameharibu, kwamba mimi nalijua trekta lile, na kwamba nikipewa msumeno wa chuma na taa ya kuchomea nitaliwasha kesho yake kabla ya saa nne. Meneja akamtazama Mrundi kama anayeuliza kama nina malaria. Nikaongeza: "Nikiliwasha, nataka niingie karakana. Sitaki zawadi. Nataka mahali pa fundi."

Meneja alicheka kidogo. "Ukiliwasha," akasema, "Jumatatu unaingia karakana." Akanyoosha mkono wake na mimi wangu, uliolowa. Mrundi aliona, alikuwa katikati yetu.

Kesho yake, Alhamisi, nilikata zile alama za moto kwa msumeno wa mkono, polepole, nisiuumize mti wa usukani. Nilichoma kichwa. Watu wote wa karakana waliacha kazi wakaja kutazama, wenzangu wa kuosha wakaniita kwerekwere mchawi, yaani mgeni mchawi, kwa kucheka. Kichwa kilipokuwa chekundu nikachomeka usukani ubavuni, nikatikisa mara moja, mara mbili, mara ya tatu ikashika. Ndu. Ndu. Ndu. Ardhi ikatingishika, vioo vya ofisi vikalia, na moshi ukatoka kwenye bomba kwa miduara kama mzee anavuta kiko. Mtu ambaye hajawahi kuisikia injini ile hajui kwamba chuma kina moyo.

Fundi mkuu akaja akasimama karibu nami, mikono nyuma. Nikamfundisha, maana mimi si mchoyo. Nikamwonyesha jambo ambalo baba mdogo alinipigia kofi nililolisikia wiki nzima: injini ile ikishika inaweza kuzunguka upande wowote. Mara nyingine inarudisha teke, inaanza kuzunguka kinyume, na sauti ni ile ile. Ukitia gia ya mbele, utakwenda nyuma. Kwa hiyo kabla ya gia unatazama gurudumu la ubavuni linazungukia wapi. Nilimwonyesha kwa kidole, nikazungusha kidole hivi, nikakubali kwa kichwa, nikazungusha vile, nikakataa kwa kichwa. Mrundi akayatia Kiingereza. Fundi mkuu akasema sharp, sharp, yaani sawa sawa, akaondoka kabla Mrundi hajamaliza.

Usiku ule nilimwambia mke wangu kwamba Jumatatu mimi ni fundi. Aliuliza kama mzungu ameandika. Nikakasirika. Nikamwambia tumeshikana mikono. "Mkono una saini gani, baba?" akaniuliza. Mwanamke yule ana akili kuliko ofisi nzima ya Pinetown, na siku ile sikupenda.

Jumamosi wageni wakajaa. Mgeni wa Ujerumani alikuwa mzee mwenye fimbo, mfupi, suti ya kijivu, anasoma mbao za historia moja baada ya nyingine. Nikasogea na mimi nizione kwa karibu. Ubao wa tatu ulikuwa na picha ya trekta lile lile, Afrika, haikuandikwa wapi. Mzungu mwenye kofia ameketi juu. Ubavuni, pale pa kuwashia, kuna mkono mweusi umeshika usukani, mkono tu, picha imekatwa kwenye kiwiko. Mrundi akanisomea maneno ya chini: kwamba kiwanda kilijenga na kulima katika mabara yote. Nani alilima? Mkono ule ulikuwa na mtu. Ulikuwa na mke, na matusi, na jina. Wamechapa rangi nne, wameweka mpaka chata ya kiwanda kwa dhahabu, wamekosa nafasi ya kichwa cha mtu.

Nikiwa bado naungua na hilo, fundi mkuu akanikuta. Akaniambia, kwa mkono na maneno machache, nirudi kwenye sehemu ya kuoshea nisubiri huko. Trekta ataliwasha yeye. Alikuwa amevaa ovaroli mpya nyeupe yenye chata ya kiwanda kifuani. Nikamtazama meneja, meneja akatazama saa yake.

Nilirudi. Hatua kama thelathini hivi, lakini nilikuwa naona vizuri. Alichoma kichwa sawasawa, hilo alikuwa amejifunza. Akachomeka usukani, akatikisa, injini ikapiga teke, ikashika. Watu wakapiga makofi. Mimi nikatazama gurudumu. Lilikuwa linazunguka kinyume.

Nilipiga hatua mbili mbele. Akaniona. Akanipungia mkono kama unavyofukuza kuku kwenye mahindi yanayokauka: toka, rudi. Nikasimama. Naandika ukweli wangu wote, na huu ni mmoja wao: ningeweza kupiga kelele, na sikupiga. Nilikuwa nimeshamwambia Alhamisi kwa kidole na kwa Kiingereza cha mwalimu. Sikuwa na lugha ya tatu.

Akapanda, akarudisha usukani mahali pake, akamtabasamia mgeni, akatia gia ya mbele. Trekta likaenda nyuma. Haliendi kasi, lakini halijali kitu. Likapanda ubao wa tano, ule wa picha za mashine mpya na watu wanaotabasamu. Likapanda wa nne. Watu wakakimbia na sahani za sambusa mkononi. Fundi mkuu akaona kasoro iko kwenye gia, akaibadilisha kwa nguvu, gia zikalia kama mbwa, akaongeza mafuta badala ya kupunguza. Ubao wa tatu ukalala chini, na yeye akaruka. Trekta likaendelea bila mtu, kuelekea ukuta wa ofisi.

Hapo nilikimbia. Umri wangu arobaini na tano, viatu vya mpira, nikapanda likiwa linakwenda. Kulizima ni rahisi, mtu yeyote angelizima. Mimi nilifanya kile ambacho baba mdogo alikifanya akitaka kuringa mbele ya Wabelgiji. Nikakanyaga klachi, nikapunguza mafuta mpaka injini ikaanza kufa, ndu, kimya, ndu, kimya kirefu, pistoni ikashindwa kupanda, na pale pale inaporudi nyuma yenyewe nikaipa mafuta. Ikashika. Sasa inazunguka upande wake. Nikaachia klachi, nikaliendesha mbele, taratibu, likashuka kutoka juu ya historia yao, nikaliegesha mahali lilipokuwa.

Halafu yule mzee wa Kijerumani akaanza kucheka, akaja mbio na fimbo yake, akanishika mabega. Mrundi akaitwa. Mzee alisema aliyewahi kumwona akifanya vile ni baba yake peke yake, aliyekuwa kwenye kiwanda cha kwanza kabla hakijauzwa. Akauliza nilijifunza wapi. Nikamweleza Ruzizi, nikamweleza mawese. Akatoa kitabu kidogo mfukoni, akataka neno mawese liandikwe kwa herufi. Mrundi akamwandikia. Kisha mzee akamgeukia meneja, akauliza mtu huyu ana kazi gani hapa.

Meneja hakumeza hata mate. "Huyu ni fundi wetu," akasema.

Wakatupiga picha. Mimi katikati, kichwa chote kimo. Mrundi alikuwa anacheka mpaka machozi.

Jumatatu nilivaa shati safi chini ya ovaroli, nikapita sehemu ya kuoshea bila kuitazama, nikaenda karakana. Fundi mkuu, bendeji kwenye kifundo cha mguu, akaninyooshea kidole kule nilikotoka. Nikaenda ofisini na Mrundi wangu. Meneja alikuwa mpole sana, na upole wake ndio unaonichoma mpaka leo. Alisema bima haimruhusu mtu asiye na cheti kushika mashine. Alisema Jumatano alikuwa anatania kidogo. Alisema Jumamosi aliniita fundi kwa heshima ya mgeni.

"Mwambie," nikamwambia Mrundi, "kwamba mgeni amepata heshima, mimi nimepata nini?"

Mrundi akatafsiri. Meneja akasema nitapewa ovaroli mpya, ile nyeupe yenye chata.

Nilirudi kwenye mpira wangu, nikafunga bomba, nikakunja mpira vizuri kama nilivyoukuta, nikachukua mfuko wangu wa chakula. Nilikuwa nimefika langoni wakati lori la yule mzee wa miwa linaingia kulichukua trekta lake. Likasubiri pale pale, maana trekta lilikuwa mwisho wa yadi, na kijiko kingeweza kulivuta lakini si kulipandisha kwenye lori; lazima lipande kwa injini yake. Fundi mkuu akakataa kuligusa, akasema mguu unauma. Meneja akatoka ofisini, akaniona na mfuko, akaja haraka.

Aliniomba niliwashe. Safari hii hakusubiri Mrundi, alitumia mikono yake mwenyewe, akatikisa hewani usukani ambao haupo. Nikamjibu kwa Kiingereza changu, kichache, lakini hicho nilikuwa nimekitunza toka ofisini. "I am washing," nikamwambia, yaani mimi ni wa kuosha tu. Bima hairuhusu.

Yule mzee wa Kihindi akashuka kwenye lori. Alikuwa amesikia habari za Jumamosi, nadhani upande wote wa kaskazini ulikuwa umesikia. Akaniuliza kwa Kizulu cha shambani kama ni mimi. Nikasema ni mimi. Akasema trekta ni lake, si la yadi, na bima yake huko shambani ni yeye mwenyewe. Je, ningemuwashia yeye?

Nilimuwashia yeye. Nilichoma kichwa bila haraka, karakana nzima imesimama mlangoni, meneja amesimama nao. Ilishika mara ya kwanza. Nikatazama gurudumu, nikalipandisha kwenye lori, nikafunga minyororo. Mzee wa miwa aliniambia ana matrekta mengine matano yaliyolala ghalani na pampu mbili, na akafungua mlango wa lori upande wa abiria. Nikamtazama meneja mara moja. Mrundi akainua kizuizi cha lango, akanipigia saluti ya kijeshi, akiwa bado anatafuta neno la kunitania na halipati.

Njiani mzee hakuniuliza cheti. Aliniuliza kama ninakula pilipili. Mimi nilikuwa na hasira nyingi kiasi kwamba sikumjibu mpaka tulipopita robot ya tatu, taa za barabarani za huku.